Mvutaji Alipoanza Kulipa Zaidi

Mwaka 1840, mjini London, bwana mmoja aitwaye Robert Warner alikwenda kukata bima ya maisha. Hakuwa mvivu wala mgonjwa. Kilichomponza ni kwamba hagusi pombe. Kampuni ilikuwa tayari kumpokea, ila ikamtaka alipe ada kubwa kuliko wanywaji. Katika Uingereza ya wakati ule bia ilihesabiwa kuwa chakula na divai ikahesabiwa kuwa dawa, kwa hiyo mtu aliyejinyima vyote viwili alionekana anajidhoofisha kwa hiari yake. Warner na wenzake wa msimamo huohuo wakaanzisha chama chao cha bima, kilichokuja kujulikana kwa jina refu la United Kingdom Temperance and General Provident Institution.

Chama hicho kilianza na wasiokunywa peke yao. Baada ya miaka michache kikafungua mlango kwa watu wote, lakini kikaendelea kutunza vitabu viwili: kimoja cha wasiokunywa, kingine cha wengine. Vitabu hivyo viwili vilikwenda sambamba kwa miongo mingi, na vilipofunuliwa na kulinganishwa mwanzoni mwa karne ya 20, picha ilikuwa wazi. Wasiokunywa walikufa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wachache kuliko wenzao wa kitabu cha pili. Wale waliotozwa zaidi mwaka 1840 ndio waliostahili kutozwa pungufu.

Leo ukijaza fomu ya bima ya maisha, Nairobi au Dar es Salaam, utakuta mahali unapoulizwa kama unatumia tumbaku, kwa kiasi gani, na kama uliacha, uliacha lini. Swali hilo linaonekana kana kwamba limekuwapo tangu bima iwepo. Ukweli ni kwamba bima ya maisha iliishi zaidi ya miaka 200 bila kumtoza mvutaji ada yake ya peke yake. Na lilipokuja swali la sigara, halikuja kama adhabu. Lilikuja kama punguzo, mtego mtamu wa kumvuta mteja asiyevuta.

Kwanza kabisa watu hawakupangwa kwa tabia bali kwa umri, na hata hilo lilichukua muda. Amicable Society, iliyoanzishwa London mwaka 1706, ilikuwa na utaratibu ambao mtu wa leo angeuita wa kijamaa: wanachama walichanga kiasi kilekile, kijana na mtu mzima, na mwisho wa mwaka fedha ziligawiwa kwa familia za waliokufa. Ulinzi wao pekee ulikuwa kuwakataa waliovuka miaka 45. James Dodson, mwalimu wa hisabati, alikuwa mmoja wa waliokataliwa kwa umri. Alikwenda zake akakaa na hesabu. Alikuwa na pa kuanzia, kwa sababu mwaka 1693 mtaalamu wa nyota Edmond Halley, huyuhuyu ambaye nyotamkia imepewa jina lake, alikuwa ametumia kumbukumbu za vizazi na vifo za mji wa Breslau kutengeneza jedwali la uhai. Katika jedwali hilo, kwa kila watoto 1,000 wa mwaka mmoja, 445 ndio waliofika miaka 40, na 242 wakafika 60.

Hoja ya Dodson ilikuwa kwamba ukijua vifo vya kila umri, huna haja ya kumkataa mtu mwenye miaka 46. Unamwambia bei yake. Dodson alifariki mwaka 1757 kabla ya kuona matunda, lakini Equitable, kampuni iliyoanza mwaka 1762 kwa hesabu zake, ndiyo mama wa bima ya maisha tunayoijua. Waombaji wa Equitable walifika mbele ya wakurugenzi wenyewe, wakatazamwa, wakaulizwa kama wamewahi kuugua ndui na kama wana jongo. Tumbaku haikuulizwa, ingawa Waingereza walikuwa wakiivuta kwa kiko tangu zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na ingawa Mfalme James wa Kwanza alikwisha kuandika kijitabu cha kuilaani mwaka 1604. Laana ya mfalme si takwimu.

Hapo ndipo ilipo tabia ya bima ambayo wengi hawaielewi. Daktari anataka kujua kwa nini. Bima inatosheka na wangapi. Wasiokunywa wa Warner huenda waliishi zaidi kwa sababu ya kuacha pombe, au kwa sababu watu wa aina hiyo walikuwa pia wacha Mungu, wenye kazi za kudumu na waliolala mapema. Kwa kampuni, tofauti hiyo ilikuwa mazungumzo ya jioni. Vitabu viwili, vifo viwili, bei mbili.

Uzuri wa tabia hiyo ulionekana katika suala la presha. Mwaka 1907, John W. Fisher, mganga mkuu wa kampuni ya Northwestern Mutual mjini Milwaukee, alianza kuwataka madaktari wa kampuni wampime mwombaji shinikizo la damu. Kipimo chenyewe kilikuwa kigeni hata hospitalini. Ndani ya miaka michache kampuni ikaona kwamba waombaji wenye presha ya juu, hata wakiwa hawalalamiki chochote, walikufa mapema kuliko wenzao, na Fisher akachapisha matokeo hayo mwaka 1914. Wataalamu wengi wa tiba waliendelea kwa miongo mingine kuamini kwamba presha hupanda kwa sababu mwili wa mzee unaihitaji. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipofariki Aprili 1945, presha yake ilipimwa ikiwa 300 kwa 190, na daktari wake mkuu akasema tukio hilo lilikuja bila dalili. Karani yeyote wa bima wa Milwaukee angeweza kumbishia.

Wakati huohuo, New York Life ilikuwa imepata njia ya kugeuza mwili wa binadamu kuwa jumla na toa. Daktari Oscar Rogers na mtaalamu wa hesabu za bima Arthur Hunter walibuni, mwanzoni mwa karne ya 20, mfumo wa alama. Mtu wa wastani ana 100. Unene unaongeza alama kadhaa, wazazi walioishi miaka mingi wanapunguza, kazi ya hatari inaongeza, tabia ya ulevi inaongeza. Jumla ikifika 150, maana yake mtu huyo anatarajiwa kufa kwa kasi ya mara moja na nusu ya wastani, na ada inapanda kwa kadiri hiyo. Mfumo huo, kwa mabadiliko madogo, ndio unaoendesha ofisi za bima mpaka leo, ila siku hizi kompyuta ndiyo inayojumlisha.

Uzito nao ulipata jedwali lake. Metropolitan Life, kampuni kubwa ya New York, ilitoa mwaka 1942 jedwali la uzito unaofaa kwa wanawake na mwaka uliofuata la wanaume, chini ya mtakwimu wake Louis Dublin. Yalipangwa kwa urefu na kwa umbo: dogo, la kati, kubwa. Jinsi ya kujua umbo lako ni lipi, jedwali halikusema. Hata hivyo lilibandikwa kwenye kuta za zahanati dunia nzima, na mamilioni ya watu waliojiona wanene walijiona hivyo kwa sababu ya hesabu za watu waliokuwa na uwezo wa kununua bima Marekani.

Tuseme na upande wa giza, kwa kuwa haukai mbali. Mwaka 1881 kampuni ya Prudential ya Newark iliamua kwamba mteja mweusi atalipa ada ileile ya mweupe lakini familia yake itapokea theluthi moja pungufu. Mwaka 1896 mtakwimu wake, Frederick Hoffman, akatoa kitabu kikubwa chenye majedwali chungu nzima kujaribu kuthibitisha kwamba Wamarekani weusi ni watu wanaoelekea kutoweka na kwamba chanzo ni asili yao, si ufukara, nyumba mbovu na maji machafu. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikichambua kitabu hicho mwaka uliofuata na kuonyesha jinsi kilivyochanganya hali ya watu na damu yao. Weusi wa Durham, North Carolina, walijibu kwa vitendo: mwaka 1898 wakaanzisha kampuni yao ya bima, North Carolina Mutual.

Ajabu ni kwamba Hoffman huyuhuyu, miaka mingi baadaye, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika kuhusu uhusiano wa tabia ya kuvuta na saratani. Kalamu moja iliandika uongo mkubwa na ukweli mkubwa, na vyote viwili vilivaa vazi lilelile la takwimu. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba hesabu za bima hazina upendeleo, namkumbuka Hoffman.

Turudi kwenye moshi. Mwaka 1938 Raymond Pearl, mtaalamu wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alichapisha katika jarida la Science makala fupi kuhusu uvutaji na urefu wa maisha. Alichukua wanaume wapatao 6,800 akawagawa makundi matatu: wasiovuta, wavutaji wa kiasi na wavutaji sugu. Katika kundi la wasiovuta, karibu theluthi mbili ya waliokuwa hai wakiwa na miaka 30 walifika 60. Wavutaji sugu waliofika huko hawakutimia nusu. Pearl hakuwa mhubiri wa kujinyima. Miaka 12 kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba kunywa pombe kwa kiasi hakufupishi maisha. Ndiyo maana matokeo yake ya tumbaku yangepaswa kusikilizwa zaidi.

Hayakusikilizwa. Mwaka 1950 zikaja tafiti za saratani ya mapafu, ya Wynder na Graham huko Marekani na ya Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza. Mwaka 1951 Doll na Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kuhusu uvutaji wao, kisha wakakaa kuwangoja wafe. Inasikika vibaya, lakini ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na ni kazi hiyohiyo ya vitabu viwili vya mwaka 1840. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kwamba aliyevuta maisha yake yote alipoteza takriban miaka 10, na kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa kama mitatu, akiwa na 50 sita, akiwa na 40 tisa, na aliyeacha kwenye 30 aliepuka karibu hasara yote.

Kwa nini basi kampuni zilizojua presha kabla ya madaktari zikanyamaza kuhusu sigara? Jibu langu ni la kibiashara. Presha ya juu ilikuwa ya wachache. Sigara ilikuwa ya watu wote. Mwaka 1965, zaidi ya watu wazima wanne kati ya kila 10 nchini Marekani walikuwa wavutaji. Wakala anayegonga mlango jioni, akakaribishwa kiti na kibiriti, hakuwa na hamu ya kumwambia mwenye nyumba kwamba sigara aliyoshika itampandishia ada. Kampuni ya kwanza kuwatoza wavutaji ingewapoteza.

Lakini kampuni ya kwanza kuwapunguzia wasiovuta? Hiyo ni habari nyingine. Hebu tupige hesabu ya kubuni. Chukua watu 1,000 wa umri mmoja, kila mmoja ana bima ya shilingi milioni 10, na kwa wastani watatu wanakufa kwa mwaka. Mfuko unahitaji milioni 30, yaani kila mmoja achange 30,000, mbali na gharama za ofisi na faida. Sasa sema 250 kati yao wanavuta, na mvutaji anakufa kwa kasi maradufu ya asiyevuta. Ukiwatenganisha, bei halisi ya asiyevuta ni 24,000 na ya mvutaji ni 48,000. Miaka yote hiyo kila asiyevuta alikuwa akimlipia jirani yake shilingi 6,000 bila kujua. Akitokea mshindani akafungua mlango wa 24,000 kwa wasiovuta tu, watamiminika huko. Kampuni ya zamani itabaki na wavutaji, na ada ya 30,000 haitawatosha. Itapanda ipende isipende. Hakuna aliyekaa chini akakusudia kumwadhibu mvutaji. Wenzake wameondoka na kumwachia mzigo wake.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1964. Tarehe 11 Januari, siku ya Jumamosi iliyochaguliwa makusudi ili soko la hisa liwe limefungwa, Luther Terry, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Mwaka huohuo kampuni ya State Mutual ya Worcester, Massachusetts, ikaanza kuuza bima ya maisha yenye punguzo kwa wasiovuta sigara. Hapakuwa na kipimo. Mwombaji alijaza tamko, akatia saini, akaaminiwa.

Kisha State Mutual ikafanya kile ambacho Warner na wenzake walikifanya: ikangoja na kuhesabu. Mwaka 1979 wataalamu wake wa hesabu, Michael Cowell na Brian Hirst, wakatoa taarifa ya vifo vya wateja wa kampuni. Wavutaji walikuwa wakifa kwa kasi zaidi ya mara mbili ya wasiovuta wa umri uleule. Hawa walikuwa watu waliopita mlango mmoja wa daktari, wa tabaka la kati, wenye ajira na akiba. Tofauti iliyobaki ilikuwa moshi. Taarifa ile ilivunja ukimya. Katika miaka ya 1980 majedwali rasmi ya vifo yanayotumiwa na kampuni za Marekani yakapasuliwa mawili, ya wavutaji na ya wasiovuta, na Uingereza na kwingineko wakafuata njia hiyohiyo. Leo katika masoko hayo ni jambo la kawaida mvutaji wa miaka 40 kulipa mara mbili au zaidi ya mwenzake kwa bima ya muda maalumu.

Penye punguzo hapakosi udanganyifu. Saini pekee haikutosha tena pale tofauti ya ada ilipokuwa kubwa, na vipimo vya damu na mkojo, vilivyoenea katika bima wakati wa hofu ya UKIMWI, vikaleta pia kipimo cha kotinini. Hiyo ni kemikali inayobaki mwilini baada ya ini kuivunja nikotini. Nikotini yenyewe hutoweka kwa saa chache, kotinini hudumu siku kadhaa. Haisemi ulivuta nini. Aliyevuta shisha harusini ataonekana. Mzee wa Mombasa au Unguja anayetafuna tambuu yenye tumbaku, ambaye maishani hajashika sigara na angeapa hivyo msikitini, naye ataonekana, sawasawa na anayenusa ugoro. Na anayejitahidi kuacha kwa kubandika kibandiko cha nikotini ataonekana pia, jambo ambalo naona ni dhuluma ndogo iliyofichwa ndani ya maabara.

Sasa ngoja nikuonyeshe kona moja ya historia hii ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuibuni. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, wakati bima zikigawanya wavutaji na wasiovuta, kampuni kubwa ya sigara ya Uingereza, BAT, ilikuwa ikinunua kampuni za bima: Eagle Star mwaka 1984, Allied Dunbar mwaka 1985, Farmers ya Marekani mwaka 1988. Nchini Marekani kampuni ya Loews ilikuwa tayari inamiliki watengenezaji wa sigara Lorillard na kampuni ya bima CNA kwa pamoja. Kwa hiyo fedha zilizotoka kwa mvutaji kununua pakiti, na ada ya ziada aliyolipa kwa sababu ya pakiti hiyo, ziliweza kuishia kwenye mfuko wa wenye hisa walewale. BAT ilijitoa kwenye bima mwaka 1998 kwa kuunganisha shughuli hizo na Zurich. Upande wa uwekezaji, AXA ya Ufaransa ilisubiri mpaka mwaka 2016 kutangaza kwamba itauza hisa na hati zake za tumbaku.

Na kona nyingine. Bima ya maisha hulipa ukifa. Pensheni ya maisha hulipa ukiwa hai. Kwa hiyo hesabu inageuka miguu juu. Katika miaka ya 1990 kampuni za Uingereza zilianza kuwauzia wastaafu wavutaji pensheni yenye malipo makubwa ya kila mwezi kuliko ya wasiovuta, kwa kuwa hazikutarajia kuwalipa muda mrefu. Mtu yuleyule aliyeonekana mzigo akiwa na miaka 40 alibembelezwa akiwa na 65. Sijui hoja iliyo bora zaidi kwa anayedhani kwamba kampuni za bima zinachukia sigara.

Bima ya matibabu ilichukua njia yenye siasa zaidi. Sheria ya afya ya Rais Barack Obama, iliyopitishwa mwaka 2010, ilizikataza kampuni kumpandishia mtu ada kwa sababu ya kisukari, saratani au ugonjwa wowote aliokuwa nao. Ikaacha mambo machache tu ya kupanga bei, na tumbaku likawa mojawapo: mtumiaji aweza kutozwa hadi asilimia 50 zaidi. Mtumiaji akaelezwa kuwa ni yule anayetumia tumbaku, kwa wastani, mara nne au zaidi kwa wiki katika miezi sita iliyopita. Baadhi ya majimbo, California na New York miongoni mwao, yalikataa nyongeza hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha walichokiona: pale nyongeza ilipokuwa kubwa, wavutaji wachache zaidi walikata bima, na hapakuwa na dalili kwamba waliacha kuvuta zaidi. Walikimbia bima, sigara wakabaki nayo.

Afrika Kusini ilijaribu upande wa asali. Kampuni ya Discovery, iliyoanzishwa na Adrian Gore mwaka 1992, ilianzisha mpango wa Vitality mwaka 1997: mwanachama anakusanya pointi kwa kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi, kupima afya na kununua vyakula vinavyofaa, na pointi hizo zinamrudishia punguzo na zawadi. Wazo hilo la Johannesburg limesafiri mbali. Mwaka 2018 John Hancock, mojawapo ya kampuni kongwe za bima Marekani, ilitangaza kwamba bima zake zote za maisha zitaambatana na Vitality. Hapo hatuzungumzii tena swali moja kwenye fomu. Saa ya mkononi inahesabu hatua zako kila siku. Mimi nalitazama hilo kwa jicho la Du Bois: nani ana muda wa kutembea hatua 10,000, na nani anatembea hatua hizo kwa sababu hana nauli?

Kwetu historia ilipita kwingine. Bima ya kisasa ilikuja Afrika Mashariki na biashara na ukoloni. Jubilee, kwa mfano, ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Tanzania iliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha likawa peke yake sokoni mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua biashara hiyo kwa kampuni binafsi. Maana yake, miaka ileile ambayo kampuni za Marekani zilikuwa zikigombania wasiovuta, mteja wa Dar es Salaam hakuwa na mshindani wa kumkimbilia. Mlango wa 24,000 haukuwapo.

Na bima inayogusa wananchi wengi hapa ni ya matibabu, ambayo haijali kabisa kifua chako kina nini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulioanza kazi mwaka 2001, ulijengwa juu ya asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu akikatwa yeye na nusu akilipa mwajiri. Kenya, tangu Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya kipato. Mvutaji wa pakiti mbili kwa siku na mlokole asiyegusa hata kahawa, wakiwa na mshahara mmoja, wanalipa sawa hadi senti. Amicable Society ya 1706 ingeutambua utaratibu huo, isipokuwa wao hawakuangalia mshahara.

Wapo wanaosema hilo ni kosa, kwamba mvutaji wa Kariakoo au Eastleigh anatibiwa saratani kwa fedha za mwenzake. Wanasahau kwamba mvutaji wetu analipa, ila halipi kwa karani wa bima. Analipa dukani. Tanzania na Kenya zote zinatoza ushuru wa bidhaa kwa kila sigara 1,000 zinazotoka kiwandani, na ushuru huo umo ndani ya bei ya kila moja inayouzwa rejareja kwenye kibanda. Namna hiyo ya kutoza ina faida: anayevuta moja analipia moja, anayevuta 20 analipia 20, na hakuna anayeweza kudanganya kwenye fomu. Ina kasoro pia. Fedha hiyo inaingia hazina kuu, haijulikani ni shilingi ngapi inafika kwenye wodi. Na Tanzania hiyohiyo inayotoza sigara inawahitaji wakulima wa tumbaku wa Urambo na Tabora kwa ajili ya fedha za kigeni, kama ambavyo BAT ilihitaji Eagle Star.

Kwa anayekata bima ya maisha katika kampuni binafsi, mambo yako karibu zaidi na Worcester kuliko na Arusha. Kampuni nyingi humhesabu mtu kuwa asiyevuta akikamilisha miezi 12 bila tumbaku ya aina yoyote. Aliyekata bima akiwa mvutaji, kisha akaacha, aghalabu hatapunguziwa ada bila kuomba, kwa kuwa kompyuta haijui kwamba ameacha. Inambidi aiandikie kampuni, aombe ada yake ipitiwe upya, na akubali kupimwa. Aliyeandika kwamba havuti ilhali anavuta yuko pabaya zaidi, kwa sababu fomu ile ni sehemu ya mkataba, na mkataba wenye jibu la uongo kampuni inaweza kuukataa siku ambayo mwenye bima hayupo tena kujieleza, na anayesimama kaunta kudai ni mjane.